Nilimwambia Hayupo

Rhobi ndiye aliyechukua kiti changu cha mapokezi. Siku nilipomkabidhi funguo aliniomba nimwandikie yale mambo ya kazi ambayo hakuna anayeyafundisha. Nilidhani karatasi moja itatosha. Kuna namna ya kukunja shuka ili lisionekane limefuliwa mara mia. Kuna namna ya kumwamsha abiria wa gari la asubuhi bila kuwaamsha majirani zake. Kuna namna ya kumjua mgeni atakayeondoka na taulo: huyo huisifu sana gesti wakati wa kuaga. Lakini kila nilipoandika, kalamu ilinirudisha kwa mama mmoja wa Gorong'a, kwa hiyo nimeamua kumweleza na yeye, mahali pake panapofika.

Gesti yetu ipo Mugumu, hatua chache kutoka stendi. Sasa hivi ina vyumba vya self, vyenye choo na bafu ndani, na luninga ukutani, na wageni wengine hupiga simu wakiwa bado Mwanza. Nilipoanza ilikuwa na vyumba vinane vilivyozunguka ua, choo nje, bafu nje, na taa moja ya chemli kwa kila vyumba viwili. Nilifika nikiwa na miaka ishirini na mmoja, juu ya lori la mahindi, na nguo zangu ndani ya mfuko wa rambo. Nilitoka kwetu Nkende, Tarime. Baba alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari kutoka kwa mwanamume aliyekuwa mkubwa kuliko yeye mwenyewe, nami sikumtaka mwanamume yule. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu, na ungeniuliza siku ile ningekwambia nimekuja kutafuta kazi.

Aliyenipokea ni Mama Wegesa, mhudumu mkuu, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyochubuliwa na sabuni. Hakuniuliza nimetoka wapi. Aliniuliza kama naweza kufua shuka bila kulitoboa. Nikasema naweza. Akanipa manne, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanitazama mpaka nilipomaliza la mwisho.

Wiki ya pili alinifundisha kitabu cha wageni. Kilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, na kila ukurasa ulichorwa mistari kwa rula: tarehe, jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda, sababu ya safari, sahihi. Wageni wengi walisema hawakuja na miwani, kwa hiyo sisi ndio tuliowaandikia. Mama Wegesa aliniambia hivi: "Wewe mwandike. Usimsome." Alimaanisha kwamba mtu akisema ni mfanyabiashara wa ng'ombe na huoni fimbo wala kinyesi kwenye viatu vyake, wewe andika ng'ombe.

Mwezi wa tatu kaka yangu alikuja na baba zangu wadogo wawili. Kaka alikuwa na kamba mkononi, ile ya kufungia ndama. Mimi nilikuwa stoo, nyuma ya magodoro. Nilimsikia Mama Wegesa mlangoni.

"Tunamtafuta Nyangi," kaka alisema.

"Hayupo."

"Tumeambiwa yuko hapa."

"Aliyewaambia ndiye aje awaonyeshe. Mimi ninawaambia hayupo."

Hakupaza sauti. Alikuwa na ndoo ya maji ya sabuni, na nadhani walielewa ilikuwa inaelekea wapi. Wakaondoka. Baadaye ng'ombe walirudishwa kwa ugomvi, baba akanuna miaka miwili, kisha yakaisha. Lakini mimi nilitoka stoo siku ile nikiamini kwamba neno "hayupo" ni dawa, na kwamba nikija kumwona mtu aliyejificha, kazi yangu ni kusimama mlangoni kama alivyosimama yeye.

Miaka ya kwanza ndiyo nilijifunza watu wanasafiri kwa nini. Sikujifunza kwenye nafasi ya "sababu ya safari". Hapo waliandika biashara, matembezi, kusalimia ndugu, na maofisa waliandika kikazi hata walipokuja na mtu asiyekuwa wa ofisi yao. Nilijifunza kwa namna walivyojibu mengine. Ukimuuliza mtu anatoka wapi, anajibu hapo hapo, na sauti yake inabadilika kidogo. Ukimuuliza anakokwenda, wengi wanakuna kichwa kwanza.

Alikuwepo mwalimu mmoja wa Musoma, Mwalimu Magesa, aliyekuja kila likizo ndefu. Alilala siku mbili na aliandika matembezi, ila hakuwahi kutembea kupita duka la soda. Mwaka wa tano nilivunja sheria, nikamuuliza anafuata nini Mugumu. Akafikiri, akasema, "Nyumbani kila mtu ananiita. Mke, watoto, wanafunzi, mkuu wa shule. Hapa nikisikia mtu anaita, najua siyo mimi." Tangu siku hiyo nilikuwa namwekea chumba cha mwisho kabisa, na nikiwa na shida ya kubadilisha shuka nilisubiri atoke mwenyewe.

Wachimbaji wa Nyamongo walikuja kwa sababu mbili zilizofanana. Aliyepata dhahabu alikuja kulala mahali ambapo hakuna anayejua kwamba amepata. Aliyekosa alikuja kulala mahali ambapo hakuna anayejua kwamba amekosa. Wote wawili waliandika biashara. Wa kwanza alifunga mlango mara mbili, wa pili aliuacha wazi.

Wazungu walikuwa wachache kwetu, wengi walipitiliza moja kwa moja hifadhini. Mmoja, mwanamke mzee, alilala kwetu kwa sababu gari lao lilikatika springi. Alimwambia dereva wake aniulize kama sifurahi kuishi karibu na wanyama. Nikamwambia dereva amjibu kwamba sisi tembo tunamwona bila kiingilio, shambani, akiwa na mahindi yetu mdomoni, na huwa hatupigi picha. Mama yule alicheka. Kisha akasema watoto wake wameondoka wote, nyumba yake imekuwa kimya, na alikuwa amesikia kwamba nyumbu wanatembea wengi pamoja. Alitaka kuona wengi wakitembea pamoja. Dereva alitafsiri haraka haraka kama jambo dogo. Mimi nilikaa nalo siku kadhaa.

Kwa hiyo nilipofikisha miaka tisa ya kazi nilijiona najua. Mtu anayejiona anajua haulizi tena, na hapo ndipo Marwa alipofika.

Alikuja kiangazi, kwa miguu, hana begi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye kovu linalokata nyusi ya kushoto, na vidole vyake vilikuwa na ule udongo wa machimbo ambao hautoki kwa kuosha mara moja. Kazi, mkulima. Anakotoka, Nyamongo. Anakokwenda, alikuna kichwa, kisha akasema "andika Mugumu", mahali ambapo alikuwa ameshafika. Sababu, biashara. Nikampa chumba namba saba.

Siku mbili hakutoka ila kwenda chooni. Siku ya tatu nilimpelekea chai bila kuagizwa, na ya nne akanisimamisha uani.

"Dada, akija mtu kuniulizia, mimi sipo."

Nikamuuliza kitu ambacho haulizwi mgeni. "Umeua?"

Nikaanza kuhesabu hatua za kufika mlangoni. Kisha akasema, "Sijaua. Lakini mdogo wangu hayupo tena."

Alinieleza akiwa amesimama, akitazama kamba ya nguo. Yeye na mdogo wake, Mwita, walikuwa wanachimba kwenye duara la mtu, lile shimo ambalo wachimbaji wadogo hushuka kwa zamu. Siku ile ilikuwa zamu yake. Alikuwa amekunywa usiku uliotangulia, kichwa kinamuuma, akamwambia Mwita ashuke badala yake. Udongo ukaporomoka. Alichimba pamoja na wenzao hadi wakamtoa, ameshakata roho, na wenzao wakambeba kumpeleka kwao Gorong'a. Marwa alitembea nyuma yao kidogo, kisha akageuka, akashika njia ya upande wa pili, akavuka daraja la Mto Mara, hadi kwetu.

"Nitamwangaliaje mama?" alisema. Hakuwa ananiuliza mimi.

Wiki ya pili mama yake alikuja.

Ilikuwa kama saa tano asubuhi, nilikuwa napanga funguo kwenye ubao. Aliingia mwanamke mwembamba, kanga imefungwa kifuani, kikapu mkononi, miguu ina vumbi hadi magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Kiswahili chake kilikuwa kinatafuta maneno, kwa hiyo nikamwendea kwa Kikurya ili apumzike. "Namtafuta kijana wangu. Anaitwa Marwa. Mrefu, ana kovu hapa."

"Hayupo, mama."

Neno lilitoka kabla hajashusha kidole chake kutoka kwenye nyusi. Alinitazama.

"Sijakuuliza kama yupo," alisema polepole. "Nimekuambia ninayemtafuta."

Akaomba kupumzika, nami nikamwonyesha benchi la mapokezi, lile lililotazama uani. Nikamletea maji. Alikunywa nusu, akaweka kikombe karibu na mguu wake.

Nilimwambia gari la Nyamongo linaondoka saa saba. Akasema haya. Saa saba likapiga honi, hakuinuka.

"Mama, gari hilo."

"Lipo lingine?"

"La saa nane. Ndilo la mwisho."

"Haya."

Aliniuliza wageni wetu wanakula wapi. Nikamwonyesha kibanda cha mama ntilie ng'ambo ya barabara. Aliniuliza kama wanashiba. Nikasema wanashiba. Aliniuliza nani anawafulia. Nikasema anayetaka anatupa sisi, asiyetaka anafua mwenyewe. Nilichukulia kwamba ni maongezi ya mtu mzima aliyechoka. Muda wote huo moyo wangu ulikuwa chumba namba saba, na nilikuwa naomba kijana asikohoe.

Ilipokaribia saa nane nilichukua kikapu chake. Mimi ndiye niliyekichukua, Rhobi, hakuniomba. Nilimshika mkono, nikamvusha hadi stendi, nikamtafutia kiti cha dirishani, nikamwambia kondakta amshushe salama. Nilijiona nafanya wema mara mbili, kwa mwenye kujificha na kwa mwenye kutafuta.

"Asante mwanangu," alisema kupitia dirishani. "Umenitunza."

Niliporudi Marwa alikuwa amesimama ndani ya mlango wa chumba chake.

"Alisema nini?"

"Kwamba anakutafuta."

"Alikuwa na hasira?"

"Sikumuuliza."

"Alilia?"

"Hapana."

Alirudi kukaa kitandani. Asubuhi nilikuta ufunguo mlangoni, shuka limekunjwa, ameondoka. Ilibidi nifunge mstari wake kitabuni, na kwenye "anakokwenda" niliifuta Mugumu, nikaandika haijulikani. Ni mara ya pekee nimefuta kitu kwenye kitabu kile.

Wakati huo Mama Wegesa alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya miguu, lakini bado tulikuwa tunampelekea mashuka ya kukunja nyumbani kwake, kwa vile alisema akikaa bure atakufa. Nilimsimulia, nikitegemea atanisifu. Akaendelea kukunja.

"Kaka yako alikuja na kamba," alisema. "Huyu mama alikuja na nini?"

"Kikapu."

"Ndani kulikuwa na nini?"

"Sikuangalia."

Akachukua foronya, akainyoosha juu ya goti. "Basi hukufanya nilichofanya mimi."

Nikamwambia yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mgeni hasomwi. Akasema alinifundisha hivyo kwa ajili ya umbea, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na mdomo wazi. Hakufikiri ningelishika fundisho hilo miaka tisa.

Nakuandikia hili, Rhobi, ulishike kuliko habari za taulo. Anayekimbia na anayemfuata wote ni wasafiri, na wote wanapita kwenye meza yako. Huwezi kumsaidia mmoja kwa kumfunga mwingine mdomo. Ningeweza kumwambia mama yule, "Sijui kama yupo, lakini ukiwa na neno, liache kwangu." Hilo lisingemsaliti mtu. Lilikuwa jepesi kiasi hicho, na mimi ambaye nilishawahi kukaa nyuma ya magodoro sikulipata.

Kiangazi kilichofuata mama yule alirudi. Amekonda, anatembelea fimbo. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno mwaka mzima. Nilikuwa nimwambie kwamba siku ile nilimdanganya, kwamba alikuwa hatua ishirini kutoka kwa mwanawe. Lakini alipoingia hakuuliza chochote. Alikaa, akapumua, akasema, "Akipita tena, mwambie sina neno naye. Mwambie tulishazika, tukalia, tukamaliza. Na nyumba yake naikandika kila kiangazi, haijabomoka."

Nikasema, "Nitamwambia, mama."

Basi. Yale maneno ya mwaka mzima yalikaa palepale yalipokuwa. Niliona aibu, na aibu ni mvivu, kila siku ina sababu ya kungoja kesho. Nilimpeleka stendi tena.

Mwaka wa tatu sikumwona, wala wa nne. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika huku. Niliwauliza madereva wa Nyamongo, nao waliniambia akina mama wenye fimbo ni wengi. Ningeweza kwenda. Kutoka Mugumu hadi Gorong'a si safari ya kumtisha mtu, hata kwa barabara ya wakati ule. Nilikuwa nakaa mahali ambapo kila siku watu waliingia na kutoka, nikijua ratiba ya kila gari, na mwenyewe sikupanda hata moja kwa jambo langu. Nilisema kazi ni nyingi. Nilisema mtoto ni mdogo, maana nilikuwa nimeshampata Chacha wangu na watu wameanza kuniita Mama Chacha. Nilisema Marwa mwenyewe hajulikani alipo, nitakwenda kusema nini. Mtu asiyesafiri naye ana sababu zake, na huziandika vizuri kuliko wanaosafiri.

Miaka ilikwenda. Mama Wegesa alifariki, tukamzika kwao Nata. Gesti ikabomolewa upande, ikajengwa upya kwa matofali ya kuchoma. Umeme ukaja, chemli zikauzwa kwa watu wa minadani. Simu nazo zikaja, na wageni wakaanza kudanganya wakiwa wamesimama mbele yangu: "Nipo Bunda hapa, nakaribia kufika," huku ameshika ufunguo wa chumba namba tatu. Nilifundisha wasichana wengi. Wengine waliolewa na wageni, jambo ambalo sikuwahi kulishauri wala kulizuia.

Siku moja, jua linaelekea kuzama, liliegeshwa lori la saruji mbele ya gesti. Dereva akaingia kuomba chumba. Kichwa kilikuwa na mvi, tumbo limetokeza kidogo, lakini kovu lilikuwa palepale. Alikuwa anatazama meza, hakunitazama mimi.

"Jina?" nilisema, ingawa nilijua.

Akalitaja. Kalamu ikasimama.

"Marwa," nilisema, "mama yako aliniachia neno."

Nilimwambia lote kama alivyolisema, Kikurya kwa Kikurya, sikuongeza. Sina neno naye. Tulishazika, tukalia, tukamaliza. Nyumba naikandika. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Lini?"

Nikahesabu. "Miaka kumi na mmoja."

Alikaa kwenye benchi, si lile la zamani, lilishaoza. Alikuwa bado amekaa hapo turnboi, msaidizi wake wa lori, alipokuja kuuliza watakula nini. Asubuhi alimwachia turnboi lori, akapiga simu kwa tajiri wake wakagombana, akapanda gari la Nyamongo. Alirudi kulichukua lori siku ambayo sikuwa zamu. Sikumwona, na sikujua alikuta nini.

Mwaka huu nilistaafu. Waliniletea keki na soda, na bosi akasema maneno mazuri ambayo mengine yalikuwa ya kweli. Wiki iliyofuata, Jumanne, nilipanda gari asubuhi, nikavuka Mto Mara, nikashuka Nyamongo kwenye vumbi na honi za bodaboda, nikamwambia kijana mmoja anipeleke Gorong'a kwa Marwa mwenye kovu, aliyekuwa dereva wa malori. Alimjua. Ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya benki.

Marwa alikuwa nje ya nyumba anapukuchua mahindi, na dada yake Ghati anapepeta karibu. Walinijua mimi kabla sijajieleza, au Marwa alinijua na Ghati akaelewa kwa uso wake. Nilipewa kigoda. Tukaulizana hali, watoto, mvua. Nikala ugali wa mtama na maziwa ya mgando kabla mtu hajagusa lililonileta, maana kwetu mtu hamhoji mgeni mwenye njaa.

"Ulimkuta?" hatimaye nilimuuliza Marwa.

"Nilikuta ana miaka mitatu kaburini."

Nikapiga hesabu bila kutaka. Kutoka siku ile aliyoniachia neno, alikaa miaka minane. Ghati akasema miguu ndiyo iliyomzuia kurudi Mugumu, mengine yote yalikuwa mazima, hata sauti. Miaka minane, na gari lilikuwa linaondoka kila siku saa saba na saa nane.

Nikawaambia. Nilisema siku ya kwanza mama yao alipokuja Marwa alikuwepo, na mimi nilimwambia hayupo.

"Alijua," Ghati alisema.

Aliweka ungo chini. Akaeleza kwamba mama yao aliporudi siku ile aliwaambia ameliona shati la Marwa kwenye kamba ya gesti. Alilitambua kwa kiraka cha kiwiko, alikuwa amekishona mwenyewe kwa kipande cha gauni lake. "Alisema limefuliwa, limeanikwa vizuri, basi anakula na yupo anayemtunza. Tukamuuliza kwa nini hukuingia kumtoa? Akasema mtu aliyekimbia ukimfuata hadi chumbani atakimbia mbali zaidi. Inafaa atoke mwenyewe. Kwa hiyo alikaa pale akimngoja atoke."

Sikuweza kumtazama. "Alisema nini kuhusu mimi?"

Ghati alisita, akamwangalia kaka yake. "Alisema yule dada ana adabu. Ila ana haraka."

Marwa aliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye beseni. "Usijibebeshe lote, dada," alisema. "Mlango haukufungwa kwa nje. Mimi ndiye niliyekuwa na miguu." Akatupa gunzi, akachukua lingine, hakulipukuchua. "Nilimsikia sauti tangu alipoingia. Nilivaa viatu nikavivua. Nikavaa tena, nikavivua. Mara ya tatu nikafika mlangoni, nimeshika komeo, ndipo nikasikia mmeinuka kwenda kwenye gari la mwisho."

Hakulisema kwa kunilaumu. Alilisema kama mtu anayetaja mahali alipokuwa siku fulani. Ningekiweka kikapu chini. Ningemwacha akose gari, tulikuwa na vyumba vitatu vitupu siku ile.

Kisha Ghati akaingia ndani kutafuta kitu ambacho nadhani hakukihitaji.

Niliomba kuonyeshwa kaburi. Liko nyuma ya zizi, karibu na la Mwita, limezungushiwa mawe, na mtu hung'oa majani. Marwa alinifikisha, akasimama kando, amenipa mgongo kidogo. Nimeandika majina ya watu maelfu, na mama yule hakuwahi kuniuliza langu, wala sikuwahi kumpa. Nikamtajia. Nikamtajia na la baba yangu, na kwamba kwetu ni Nkende. Msamaha sikuuomba kwa sauti. Sehemu ya Marwa alikuwa ameshanipa pale kwenye mahindi. Ile ya mama yake hakuna aliyebaki wa kunipa.